Ndoa ikivunjika, maskini apate wapi wakili?

NDOA inapovunjika katika mitaa ya Kibera na Kawangware, jijini Nairobi, aghalabu mmoja hujikuta nje ya chumba cha kupanga akiwa na watoto na virago vyake, bila senti ya kumlipa wakili.

Wengi hukimbilia kwa wazee wa mtaa au chifu. Hawa waweza kuwapatanisha waliokosana, lakini hawana mamlaka ya kuvunja ndoa wala kugawa mali. Kazi hiyo ni ya korti. Waislamu, wakiwemo Wanubi wa Kibera, huweza kupeleka shauri lao kwa Kadhi.

Hata hivyo, umaskini haupaswi kumfungia mtu mlango wa haki. Chama cha mawakili wanawake, FIDA Kenya, kilichoundwa 1985, kina afisi Lavington, si mbali na Kawangware. Huwashauri wanawake wasiojiweza na kuwafunza kujiwakilisha kortini. Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa 1973, huwasaidia maskini wa kike kwa wa kiume. Aidha, sheria ya 2016 iliunda Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria.

Anayetafuta usaidizi abebe cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na stakabadhi za mali. Aliyeolewa kimila awe na mashahidi wa mahari. Anayepigwa asingoje talaka. Sheria ya 2015 ya kukinga watu dhidi ya dhuluma za kinyumbani humruhusu kuomba amri ya ulinzi.

Wanaotatizika zaidi ni walioishi pamoja bila kufunga ndoa. Januari 2023, Mahakama ya Juu iliamua kesi ya mwanamke na mwanamume walioishi hivyo kwa zaidi ya miaka 20, kisha wakazozania ardhi ya Dagoretti. Ilisema hawakuwa mume na mke, kwani mwanamke alikuwa bado na ndoa nyingine. Lakini kwa kuwa wote wawili walichangia, mwanamke alipewa asilimia 70 ya mali na mwanamume asilimia 30.

Mwezi uo huo, mahakama hiyo ilisisitiza kwamba mali ya wanandoa haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Sharti kila mmoja athibitishe mchango wake. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013, kazi za nyumbani na malezi ya watoto pia ni mchango.

Kuhusu watoto, Katiba ya 2010 huwapa wazazi wote wawili wajibu sawa, wawe walioana au la. Hivyo, mama asiye na cheti bado anaweza kumshtaki baba ili alipe matunzo.

Kwa hivyo, risiti ya mabati, karo au kodi, hata ujumbe wa M-Pesa, isitupwe. Siku ya kesi, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea asiye na wakili.