Upangaji mdogo wa muda mrefu (Kenya)

Upangaji mdogo wa muda mrefu ni mkataba ambao kwao mwenye hati ya upangaji wa ardhi humpangishia mtu mwingine sehemu ya jengo kwa miaka mingi, aghalabu kwa karibu muda wote uliosalia kwenye hati hiyo. Nchini Kenya, kwa miaka mingi ndiyo iliyokuwa njia ya kawaida ya kuuza fleti na ofisi.

Mnunuzi alipewa mkataba uliosajiliwa pamoja na mchoro wa msanifu majengo. Mchoro huo ulionyesha vyumba na kuta, si mahali halisi pa jengo kwenye ramani ya upimaji. Hati mama ya kiwanja ilibaki kwa mjenzi au kwa kampuni ya usimamizi, ambayo wenye fleti walikuwa na hisa ndani yake.

Utaratibu huo ulibadilishwa na Sheria ya Mali za Sehemu ya mwaka 2020, inayowezesha kila fleti kuwa na hati yake. Sheria hiyo ilianza kutumika tarehe 28 Desemba 2020 na kuifuta ile ya 1987. Muda unaotakiwa kusalia kwenye hati ya upangaji wa kiwanja ili jengo ligawanywe kwa hati za sehemu ulishushwa kutoka miaka 45 hadi 21. Mikataba ya zamani iliyokusudiwa kumpa mnunuzi umiliki ilitakiwa kugeuzwa kuwa hati za sehemu katika muda wa miaka 2. Mpimaji ardhi huandaa ramani ya sehemu yenye vipimo vya kijiografia, kisha kila fleti hupata hati yake. Ngazi, lifti na maegesho husimamiwa na shirika la wamiliki. Mjenzi akikataa kugeuza mkataba, mwenye fleti anaweza kuomba mwenyewe.