Kazi Mbali na Jicho la Msimamizi

Tangu mwaka 2020, maradhi ya korona yalipowalazimisha makarani wengi duniani kufanyia kazi za ofisi majumbani mwao, waajiri wamekuwa wakiuliza: je, mtu asiyeonekana hufanya kazi kwa bidii? Swali hili si geni. Nchi ya Kilwa na Lindi ilikwisha kulijibu zamani, tena mara mbili.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 19, watu wa nyuma ya pwani hiyo waliingia misituni kutafuta mpira wa mibungo. Hapana msimamizi aliyefuatana nao. Mtu alikwenda siku aliyopenda, akachanja, akakusanya utomvu ulioganda, akaufanya madonge, kisha akauchukua mpaka kwa wafanya biashara wa pwani. Mnunuzi hakuhesabu siku wala saa, alipima mzigo. Mpira ukawa miongoni mwa bidhaa kubwa za bandari zile. Kweli, uhuru huo ulikuwa na hasara yake, kwani kwa pupa ya faida mibungo mingi ilikatwa ikafa. Lakini uvivu haukuonekana.

Mwaka 1902, chini ya Gavana von Götzen, serikali ya Kijerumani ilianza kuamuru mashamba ya pamba ya shirika katika wilaya za pwani, Kilwa ikiwamo. Hapa macho ya kusimamia yalikuwa tele: jumbe, akida, askari, na kiboko juu yao. Lakini siku za pamba zilikula siku za mtama na mpunga wa watu wenyewe, na ujira ulikuwa haba hata wako waliokataa kuupokea. Mavuno yakawa hafifu. Mwezi wa Julai 1905, huko Nandete katika vilima vya Umatumbi, watu waliing'oa pamba ile, na Vita vya Maji Maji vikaanza. Hesabu ya Wajerumani wenyewe ilitaja watu 75,000 waliokufa. Wanahistoria wengine wametaja zaidi sana.

Watu walikuwa wale wale. Walioitwa wavivu katika pamba ndio waliobeba mpira kwa miguu bila ya kuamriwa. Tofauti haikuwa umbali wa bwana wala ukaribu wake, bali fungu la mfanya kazi katika tunda la jasho lake. Basi mwajiri wa leo, kabla hajanunua programu ya kumchungulia karani aliye nyumbani kwake, yampasa atazame kwanza anapima nini: saa za kukaa mbele ya kompyuta, au mzigo uliofika pwani, na mzigo ukifika, mchukuzi wake hupata nini.