Kodi na uwekezaji: kwa nini Bunia inapewa miaka 5 na Kinshasa 3?

Mutu anayefungua kiwanda Kinshasa na mwenzake anayefungua kiwanda cha namna ile ile Bunia, sheria ya Kongo haiwaangalii sawasawa. Yule wa Bunia anapewa muda mrefu zaidi wa kutolipa kodi fulani. Sababu inajulikana: mbali na miji mikubwa, barabara ni mbaya, umeme ni kidogo, na wateja hawana pesa nyingi. Serikali inaacha sehemu ya kodi yake ili mwenye mali akubali kwenda huko.

Maeneo matatu

Jambo hili limo katika sheria ya uwekezaji namba 004/2002 ya tarehe 21 Februari 2002. Inagawanya inchi hivi:

- Eneo A: Kinshasa, miaka 3.
- Eneo B: Bas-Congo (leo Kongo Central) pamoja na miji ya Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, miaka 4.
- Eneo C: sehemu zingine zote za inchi, miaka 5.

Kivu zote mbili, Maniema, Ituri, Tshopo na Tanganyika ziko katika eneo C.

Ni kodi gani inayoachwa?

Kubwa ni tatu. Ya kwanza ni ushuru wa duane juu ya mashini na vifaa vya mradi. Malipo ya kiutawala ya duane yenyewe yanabaki. Ya pili ni kodi juu ya faida. Ya tatu ni kodi ya udongo na majengo ya mradi.

Tuseme kikundi cha Butembo kinataka kuingiza mashini ya kusaga na kufunga unga wa mahindi, ya dola 40 000. Faida ya duane kinaiona palepale, siku mashini inapoingia. Lakini kodi juu ya faida ni hadisi ingine: kama miaka ya kwanza kazi haijaleta faida, hakuna kodi ya kusamehewa. Mwenye kuhesabu mradi wake asichanganye hayo mawili.

Nani anaweza kuomba?

Kampuni inapaswa kuwa ya sheria ya Kongo na kuweka angalau dola 200 000. Kwa biashara ndogo na za kati, sheria inakubali kati ya dola 10 000 na 200 000, lakini lazima zitunze vitabu vya hesabu. Ombi linapelekwa ANAPI, shirika la taifa la kuendeleza uwekezaji, lenye siku 30 za kulichunguza. Kibali chenyewe kinatiwa sahihi na mawaziri wa Mpango na wa Feza.

Migodi, petroli, benki na bima haviingii humu; viko na sheria zao. Biashara ya kununua na kuuzisha pia haimo. Ni kusema, mama mwenye meza sokoni, na hata mwenye depo kubwa ya sukari, hawapati kitu hapa. Vilevile kibali hiki hakiondoi pesa zinazoombwa kwenye barriere za njiani, na wafanyabiashara wengi wa mashariki wanalalamikia hizo kuliko kodi juu ya faida.

Wakaaji wanapata nini?

Kodi inayoachwa ni pesa ambayo ingeweza kutengeneza barabara ao kulipa mwalimu. Kwa hiyo sheria inaomba malipo mengine: kampuni inaahidi kufundisha wafanyakazi Wakongomani hadi kazi za ufundi na za uongozi, kulinda mazingira, na kuongeza angalau asilimia 35 ya samani ya bidhaa hapa hapa inchini. Asiyetimiza ahadi anaweza kunyanganywa kibali.

Kwa hiyo, kampuni yenye kibali inapofika kijijini, wakaaji wako na haki ya kuuliza: vijana wangapi wamefundishwa, na kazi gani? Miaka 5 inapita mbio.