Kutoka Mutoyi hadi Gujarat: Nyayo za Waafrika wa Mashariki nchini India

Nilizaliwa Mutoyi, katika mkoa wa Gitega. Kiswahili nilikipata kwa mama yangu aliyekulia Muyinga, ambako watu huvuka mpaka wa Kobero kwenda Tanzania na kurudi. Kwa miaka mitatu nimeishi Pune, magharibi mwa India, kwa ajili ya masomo. Shuleni kwetu India ilitajwa kwa sababu ya Wahindi waliokuja Afrika kufungua maduka. Hatukufundishwa kwamba kuna Waafrika waliokwenda upande wa pili. Katika insha hii nitaeleza safari zangu za siku za likizo na historia niliyoiona huko, kisha nitasema kwa nini inatuhusu sisi Warundi.

Kwanza ni usafiri. Pune ndiko yaliko makao ya kampuni ya Bajaj, ambayo jina lake limekuwa kwa Waswahili jina la gari la magurudumu matatu. Lakini hapo Pune ukiuliza bajaji, dereva hakuelewi, kwa maana wao husema riksha au oto. Neno gari wanalo, na sisi tumelitoa kwao. Treni huiita relgari. Dunia, kitabu, habari na wakati pia utayasikia kila siku, kwa kuwa sisi na wao tuliyapokea kutoka kwa Waarabu na Waajemi. Kwa safari ndefu mwanafunzi hupanda treni, katika behewa la vitanda lisilo na kiyoyozi. Bei yake ni nafuu, ila tiketi huisha mapema. Mara nyingi abiria mwenzangu aliniuliza: "Unatoka Nigeria?" Nikisema Burundi, ilinibidi nichore ramani.

Safari yangu ya kwanza ilikuwa ya basi, kwenda mji wa Aurangabad, ambao tangu 2023 unaitwa Chhatrapati Sambhajinagar. Watalii huenda huko kuona mapango ya Ellora. Mimi niliendelea kilomita chache hadi Khuldabad, lilipo kaburi la Malik Ambar. Mtu huyu alizaliwa Ethiopia mnamo mwaka 1548, akauzwa akiwa kijana, akapita mikononi mwa mabwana kadhaa, mmoja wao akiwa Baghdad. Mwisho alinunuliwa na waziri mkuu wa ufalme wa Ahmadnagar, ambaye naye alikuwa Mhabeshi. Bwana wake alipokufa, Ambar akawa huru, akakusanya askari wake mwenyewe. Mwaka 1600 majeshi ya mfalme Akbar yaliuteka mji wa Ahmadnagar. Ambar alimtawaza kijana wa ukoo wa kifalme, akaongoza vita kwa jina lake. Vikosi vyake vidogo vya wapanda farasi viliwavizia maadui milimani na kuwakatia chakula. Mfalme Jahangir, mwana wa Akbar, alimchukia hata akachorwa pichani akikipiga mshale kichwa cha Ambar. Hakumpata kwa njia nyingine, na Ambar alikufa mwaka 1626 akiwa bado anatawala. Mji wenyewe aliuanzisha yeye mwaka 1610 kwa jina la Khadki, akauchimbia mifereji ya maji chini ya ardhi.

Safari ya pili ilinipeleka pwani, Murud. Kutoka kijiji cha Rajapuri mashua ya tanga inakuvusha hadi ngome ya Janjira iliyojengwa juu ya kisiwa. Watawala wake waliitwa Masidi, jina ambalo India huwapa watu wenye asili ya Afrika. Wamarathi walijaribu mara nyingi kuiteka ngome hiyo, tangu enzi za mfalme wao Shivaji, wakashindwa. Ukoo wa Masidi ulitawala hapo hadi mwaka 1948, nchi yao ndogo ilipounganishwa na India. Siku niliyokwenda, mwongozaji alieleza mizinga na kuta kwa kirefu, lakini wenye ngome aliwataja kwa sentensi moja.

Safari ya tatu ndiyo iliyonigusa zaidi. Nilikwenda kwa treni Gujarat. Huko Ahmedabad upo msikiti wa Sidi Saiyyed, uliokamilika mwaka 1573, ambao dirisha lake la mawe limechongwa mti wenye matawi yaliyofumana. Aliyeujenga alikuwa Mhabeshi. Wakati wa kurudi nilishuka Bharuch, nikapanda basi na kisha riksha hadi Ratanpur, kwenye kaburi la Bava Gor. Masidi wanaamini kwamba mtakatifu huyu alitoka Afrika akafanya biashara ya mawe ya akiki. Hawa si wazao wa wafalme. Wengi ni masikini, na wanazungumza Kigujarati. Lakini ngoma yao wanaiita goma.

Mimi natoka mkoa wa Gitega, kilipo Gishora, kilima cha wapiga ngoma wa Burundi. Kwa Kirundi ingoma ni ngoma, na pia ni ufalme. Neno hilo nililisikia Ratanpur kwa watu wasiojua Kiswahili wala Kirundi. Tena wana chombo kiitwacho malunga: upinde wenye uzi mmoja na kibuyu. Ukimwonyesha mzee wa Mutoyi atakwambia ni umuduri. Mzee mmoja wa pale aliniuliza kama kwetu bado tunaupiga. Nilipomjibu ndiyo, alisema: "Basi nyinyi mnajua mlikotoka. Sisi ni Wahindi, nilipiga kura hapa, na bado watu huniuliza natoka nchi gani."

Je, mababu wa mzee huyo walitoka Burundi? Siwezi kusema hivyo. Upinde wa kibuyu unapigwa katika nchi nyingi za Afrika, na neno ngoma ni la lugha nyingi za Kibantu. Sisi tumefundishwa kwamba mfalme Mwezi Gisabo alimzuia Rumaliza na watu wake katika miaka ya 1880, na ni kweli. Lakini kutokana na ushindi huo tumejizoeza kufikiri kwamba biashara ya watumwa ilikuwa habari ya watu wengine.

Mfano mmoja unaonyesha kwamba sivyo. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao. Alikamatwa utotoni, akauzwa, akapelekwa India, akakaa huko miaka mingi mpaka bwana wake alipokufa. Akiwa huru alirudi Zanzibar, akaajiriwa katika msafara wa Burton na Speke, ambao mwaka 1858 ulifika Ziwa Tanganyika. Speke alizungumza naye kwa Kihindustani, lugha ambayo Bombay aliijua kwa sababu ya utumwa wake. Alikuwamo tena katika msafara wa Stanley uliofika Ujiji mwaka 1871. Kusini mwa Bujumbura, pale Mugere, kuna jiwe la ukumbusho wa Livingstone na Stanley waliopita mwaka huo. Juu yake yameandikwa majina ya hao wawili tu.

Kwa kumalizia, njia ya kati ya Afrika Mashariki na India haikuanza na maduka wala na sisi wanafunzi. Waliotutangulia wengi hawakukata tiketi. Baadhi yao walijenga miji na misikiti, na wengi hawakuacha hata jina, ila neno moja la ngoma. Nawashauri wenzangu wanaokwenda kusoma India waione Taj Mahal, ni nzuri. Lakini wakipata siku mbili za ziada washuke Bharuch. Na sisi tulioko Burundi, tuanze kwa kulifundisha jina la Bombay kila tunapowapeleka watoto kwenye jiwe la Mugere.