Kumpata daktari wa mzio mjini Bujumbura: ni mlango gani wa kubisha?

Mama wa Buyenzi ambaye mtoto wake hutokwa na mabaka yanayowasha kila alapo yai, au fundi wa gereji anayebanwa kifua kila ashikapo bomba la kupulizia rangi, huambiwa na majirani kwamba hiyo ni aleji na kwamba amtafute daktari wa aleji. Ushauri huo ni sahihi, lakini mjini Bujumbura hautekelezeki kwa kusoma vibao vya hospitali peke yake. Vibao vingi vimeandikwa kwa Kifaransa, na mlango wenye jina la mzio ni nadra kukutwa. Kazi ya daktari huyo imegawanyika miongoni mwa mabingwa wengine, na anayeufahamu mgawanyo huo hujiokoa na safari nyingi na gharama zisizo za lazima.

Neno lenyewe lina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1906 daktari wa watoto wa mjini Vienna, Clemens von Pirquet, aliliunda ili kueleza jinsi mwili unavyobadilika baada ya kukutana na kitu kigeni. Katika miaka ya 1960 watafiti wa Marekani na Sweden wakagundua kingamwili inayohusika na sehemu kubwa ya mzio, inayojulikana kwa herufi IgE. Kwa mwenye mzio, askari hao wa mwili hukishambulia kitu kisicho na madhara, kama vile yai, vumbi la godoro au sumu kidogo ya nyuki, kana kwamba ni adui. Daktari wa fani hii hushughulikia pia upande wa pili, yaani kinga iliyo dhaifu mno, hata mtu akawa haachi kuugua.

Mafunzo yake ni marefu. Nchini Marekani daktari husomea kwanza magonjwa ya ndani au ya watoto kwa miaka 3, ndipo aongeze miaka 2 ya mzio na kinga. Ufaransa yenyewe, ambayo lugha yake hutumika katika elimu ya udaktari nchini Burundi, iliifanya fani hii kuwa ubingwa kamili unaojitegemea mwaka 2017 tu. Si ajabu basi kwamba mabingwa wake ni wachache katika Afrika Mashariki nzima.

Neno la kuulizia mapokezi ni "allergologue". Likijibiwa kwa kichwa kinachotikiswa, mgonjwa asiondoke. Mwenye pumu, anayekohoa usiku au kutoa mlio kifuani, aulize daktari wa mapafu, "pneumologue". Mwenye ukurutu au mabaka yasiyokwisha amwone daktari wa ngozi, "dermatologue". Mafua yasiyo na mwisho, chafya za alfajiri na pua iliyoziba ni kazi ya daktari wa masikio, pua na koo, ambaye mlango wake huandikwa herufi tatu tu: ORL. Mtoto, ugonjwa wowote uwao, aanzie kwa daktari wa watoto, naye mtu mzima anayerudiwa na maambukizi mazito aonwe na daktari wa magonjwa ya ndani.

Mabingwa hao hutafutwa kwanza katika hospitali kubwa za jiji: Hospitali ya Chuo Kikuu ya Kamenge, ambayo wengi huiita Roi Khaled kwa jina la mfalme wa Saudi Arabia, Hospitali ya Prince Régent Charles, Hospitali ya Kijeshi ya Kamenge na Kliniki ya Prince Louis Rwagasore. Wenye uwezo huenda pia kwenye hospitali binafsi, kama vile Kira. Siku za mabingwa hubadilika, kwa hiyo simu moja kwa mapokezi kabla ya kupanda basi ina faida kuliko kukaa kwenye benchi asubuhi nzima.

Kuhusu gharama, njia ya kituo cha afya ndiyo nafuu, ijapokuwa ndiyo ndefu. Barua ya rufaa kutoka kituo cha afya au hospitali ya wilaya humfungulia mgonjwa mlango wa hospitali ya kitaifa na humsaidia mbele ya bima. Watumishi wa serikali wana mfuko wao wa bima uliopo tangu mwaka 1980, na wasio na ajira rasmi wana kadi ya msaada wa matibabu, CAM. Matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 yalitangazwa kuwa ya bure katika hospitali za umma mwaka 2006. Hata hivyo, kipimo cha mzio si cha kila siku, na ni vyema kuuliza bei yake, na kama bima inakilipia, kabla ya mkono kutolewa damu.

Jambo linaloamua zaidi kuliko kipimo chochote ni maelezo ya mgonjwa, na hapa ndipo wazungumzaji wa Kiswahili hupoteza mengi. Daktari huandika kwa Kifaransa, muuguzi huuliza kwa Kirundi, na maneno huteleza njiani. Mtu akisema ana "kifua", huenda anamaanisha kikohozi, maumivu au pumzi inayokatika, na hayo ni magonjwa matatu tofauti. Akisema "vipele", mkalimani aweza kusikia "upele", ule unaoletwa na vijidudu vinavyochimba ngozi. Tofauti hiyo ni kubwa: nyumba nzima ikijikuna usiku, huo ni upele na hutibiwa kwa dawa ya upele, wala si mzio. Ni afadhali mgonjwa aeleze kinachotokea kuliko kutaja jina la ugonjwa: ngozi ilivimba wapi, kwa muda gani, na je, alama zilihama kutoka mkono hadi tumbo kabla ya kupotea?

Daftari dogo lifaa sana. Liandikwe chakula kilicholiwa, dawa iliyomezwa, saa ya kula na saa dalili zilipoanza, kwa sababu mzio wa chakula wa aina ya IgE kwa kawaida hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2. Mabaka hupotea kabla ya foleni kufika mwisho, hivyo picha ya simu ni ushahidi mzuri. Samaki nao wahitaji swali la ziada. Waliokaa bila barafu huweza kujaa histamini, na mlaji akawashwa na kuwa mwekundu usoni ingawa hana mzio wowote. Wakiugua watu watatu waliokula sahani moja, lawama ni ya samaki.

Kipimo cha ngozi hufanywa kwa kudondosha matone ya vitu vinavyoshukiwa juu ya mkono na kuchoma kidogo kwa sindano. Jibu husomwa baada ya dakika 15 hadi 20. Dawa za kuzuia mzio, kama setirizini, hulifuta jibu hilo, kwa hiyo daktari humwagiza mgonjwa aziache kwa takriban wiki moja. Kipimo cha damu hutafuta IgE ya kitu mahususi. Kuna kingine kinachohesabu IgE yote kwa jumla, nacho katika nchi yenye minyoo mingi hudanganya, maana minyoo nayo huipandisha IgE. Vipo pia vipimo vya kingamwili za IgG vinavyouzwa kwa orodha ndefu ya vyakula. Vyama vya mabingwa wa mzio havivipendekezi, na fedha yake ni heri ibaki mfukoni.

Fundi wa gereji aliyetajwa mwanzoni astahili maneno zaidi, kwa sababu Buyenzi ni mtaa wa magereji. Rangi za kisasa za magari, hasa zile zinazochanganywa na kigumishi, huweza kuwa na isosianati, kemikali inayojulikana kote duniani kwa kusababisha pumu ya kazini. Kitambaa kilichofungwa puani hakizuii mvuke wake. Dalili ya kumwambia daktari ni hii: kifua hutulia siku za mapumziko na hubana tena kazi inapoanza. Anayegunduliwa mapema na kuachana na mvuke huo ana nafasi nzuri zaidi ya kupona. Anayevumilia kwa miaka huweza kubaki na pumu hata akibadilisha kazi.

Kuna wakati ambapo kumtafuta bingwa ni kosa. Midomo na ulimi vikivimba, sauti ikikauka, pumzi ikikata au mtu akizimia muda mfupi baada ya kula, kudungwa na nyuki au kupewa sindano, hiyo ni anafilaksia, na kituo cha afya kilicho karibu ndicho sahihi. Dawa yake ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja upande wa nje: miligramu 0.01 kwa kila kilo ya uzito, bila kuzidi miligramu 0.5 kwa mtu mzima. Imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Setirizini au deksamethasoni haziwezi kuchukua nafasi yake. Mgonjwa alazwe chali na miguu iinuliwe, au aachwe akae ikiwa anahangaika kupumua, asisimamishwe ghafla. Hata akipata nafuu abaki chini ya uangalizi kwa saa kadhaa, kwani dalili huweza kurudi.

Wengi hubeba jina la mzio wa penisilini tangu utotoni. Wanapopimwa ipasavyo, takriban 9 kati ya 10 huonekana hawana, nao walikuwa wakinyimwa dawa nzuri bure. Lakini aliyewahi kubabuka ngozi au kutoka vidonda mdomoni na machoni baada ya kumeza kotrimoksazoli asiijaribu tena kamwe, na jina la dawa hiyo liandikwe kwenye kadi yake.

Safari ya Dar es Salaam au Nairobi hufikiriwa pale ambapo mabingwa wa Bujumbura wenyewe wameishauri. Tiba ya kuuzoeza mwili huchukua miaka 3 hadi 5, hivyo safari moja haitoshi. Sababu nzito zaidi ni mtoto mchanga aliye katika familia iliyokwisha kupoteza watoto kwa maambukizi yasiyoelezeka. Wazazi wamwambie daktari kabla ya chanjo ya BCG, kwa kuwa ni chanjo hai na huweza kumdhuru mtoto aliyezaliwa bila kinga. Anayesafiri aombe ripoti yake itafsiriwe kwa Kiingereza kabla ya kuondoka, kwa maana huko faili za hospitali haziandikwi kwa Kifaransa.