Mtama wa Mbegu na Mtama wa Kimea Katika Bugufi

Bugufi, eneo la wilaya ya Ngara linalopakana na Burundi, lilikuwa sehemu ya ufalme wa Burundi hadi mipaka ya wakoloni ilipoliweka upande wa Tanganyika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Katika ufalme huo mtama haukupandwa kiholela: kila Desemba mwami, yaani mfalme, aliongoza sherehe ya umuganuro, ambamo alikula ugali wa mtama na kwa tendo hilo akafungua msimu wa kupanda, desturi iliyokoma mwaka 1929 chini ya utawala wa Wabelgiji. Mengi yameandikwa juu ya mamlaka ya mwami, lakini punje zenyewe, ambazo ilibidi zivuke kiangazi zikiwa hai ili ruhusa yake iwe na maana, zinastahili nafasi kubwa zaidi katika historia hiyo.

Mtama uliokaushwa vizuri hubaki na unyevu wa takriban asilimia 12 au pungufu, ukavu ambao ungeua seli nyingi za mimea. Kiinitete, yaani mmea mchanga uliomo ndani ya punje, hujiandaa mapema kwa kulimbikiza sukari na protini maalumu zinazolinda tando nyembamba za seli maji yanapotoweka, kisha majimaji yaliyosalia huwa mazito na kuganda mithili ya kioo, na shughuli za uhai hukaribia kusimama. Kwa hiyo kutundika masuke juu ya meko, kama walivyofanya wakulima wengi wa Maziwa Makuu, ulikuwa utaalamu kamili: moshi ulifukuza wadudu na joto likazuia unyevu kurudi, na wataalamu wa mbegu hukadiria kwamba kila asilimia moja ya unyevu inayopungua huongeza umri wa mbegu karibu maradufu.

Suke lilelile lilitoa pia kimea cha pombe. Punje zikilowekwa huamka, na vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha mabadiliko ya kikemia, hugeuza wanga kuwa sukari. Ila mzizi ukishachomoza na kurefuka, kiinitete hupoteza uwezo wa kustahimili ukavu, na kimea kilichoanikwa hakioti tena hata kikinyeshewa. Aliyetenga masuke ya mbegu kabla ya utengenezaji wa pombe ndiye aliyelinda mavuno ya mwaka uliofuata, kwa kuwa mgomba, tegemeo jingine la Ngara na Biharamulo, hupandwa kwa machipukizi mabichi yasiyoweza kukaushwa na kuwekwa akiba.