Kufungua na Kuficha: VPN katika Miji ya Beni na Butembo

Bungulu ni mojawapo ya komini nne za mji wa Beni, mashariki mwa Kongo, pamoja na Beu, Mulekera na Ruwenzori. Hapo, kama ilivyo Butembo upande wa kusini, VPN ilijulikana kwanza kama njia ya kupita pale serikali ilipoziba mitandao ya kijamii. Kazi yake ya kulinda faragha ilikuja nyuma. Kufungua kilichofungwa ni jambo moja, na kuficha mawasiliano ni jingine. Historia ya miaka kumi na mitano iliyopita inaonyesha ni wakati gani chombo hiki kinafaa kwa kila moja kati ya kazi hizo mbili, na ni wakati gani hakifai kabisa.

VPN yenyewe ilizaliwa maofisini. Mwaka 1996 Gurdeep Singh-Pall wa kampuni ya Microsoft alishiriki kubuni utaratibu uitwao PPTP, ili mfanyakazi aliye mbali aweze kuingia kwenye mtandao wa kampuni yake kupitia intaneti ya umma. Mwaka 2001 ikatoka OpenVPN, ambayo mtu yeyote angeweza kuitumia bure na kuikagua. Namna ya kazi haijabadilika: simu au kompyuta husimba data zote, huzipeleka kwenye seva iliyo mahali pengine, na seva hiyo ndiyo huzifikisha kwenye tovuti inayotakiwa. Kampuni ya simu huona tu kwamba mteja ameunganishwa na seva ile. Tovuti nayo huona anwani ya seva, si ya mteja.

Kabla ya simu za mkononi, wafanyabiashara, misheni na mashirika ya ndege mashariki mwa Kongo walitegemea foni, yaani redio ya masafa marefu, ambako kila aliyekuwa kwenye wimbi lilelile alisikia yote. Celtel ilipoanza kazi nchini mwaka 2000 na Vodacom mwaka 2002, mazungumzo yaliondoka kwenye masikio ya majirani yakaingia mikononi mwa kampuni. Kampuni hizo ziliwekwa chini ya sheria ya mawasiliano ya tarehe 16 Oktoba 2002, ambayo ibara yake ya 46 iliipa serikali uwezo wa kukataza matumizi ya vyombo vya mawasiliano, kwa ujumla au kwa sehemu, kwa sababu za usalama wa umma. Katiba ya mwaka 2006, katika ibara ya 31, inampa kila mtu haki ya faragha na ya siri ya mawasiliano yake. Mambo yaliyofuata yalitokea katikati ya ibara hizo mbili.

Baada ya uchaguzi wa Novemba 2011, serikali ilisimamisha ujumbe mfupi wa simu nchini kote kwa wiki kadhaa za Desemba. Januari 2015, watu walipoandamana kupinga mabadiliko ya sheria ya uchaguzi, intaneti ilizimwa, na ya simu za mkononi ilikaa karibu wiki tatu bila kurudi. Katika hali kama hiyo VPN haina la kufanya, kwa kuwa nayo huhitaji intaneti ili ifike kwenye seva yake. Aliyekuwa mpakani Kasindi angeweza kutafuta mawimbi ya minara ya Uganda kwa kadi ya SIM ya ng'ambo. Aliye Bungulu au katikati ya Butembo hakuwa na njia hiyo.

Desemba 2016 ilileta mbinu nyingine. Muhula wa Rais Joseph Kabila ulikuwa unamalizika tarehe 19, na kampuni ziliagizwa kuziba mitandao ya kijamii kuanzia usiku wa tarehe 18. Safari hii intaneti ilibaki, ila Facebook, WhatsApp na Twitter zilizibwa. Hapo ndipo VPN ilipofaa, maana kampuni haiwezi kuziba tovuti isiyoiona. Agosti 2017 ikaja mbinu ya tatu: kampuni zilitakiwa kupunguza uwezo wa kupeleka picha. Mtandao ukipunguzwa kasi wote, VPN haiuharakishi, na kwa kuwa husimba kila kitu huongeza kidogo mega zinazoliwa.

Kuzima kabisa kulirudi tarehe 31 Desemba 2017, siku ya maandamano ya waumini Wakatoliki, kukarudi tena Januari na Februari 2018. Kwa Beni na Butembo kipindi kizito zaidi kilikuwa mwisho wa mwaka huo. Ebola ilikuwa imetangazwa tarehe 1 Agosti 2018, na Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura za miji hiyo hadi Machi 2019 kwa sababu ya ugonjwa na usalama. Tarehe 30 Desemba, siku ya kura kwingineko nchini, wakazi wa Beni walipanga foleni wakapiga kura yao wenyewe ya mfano. Kesho yake intaneti ilizimwa nchini kote, ikarudi baada ya siku 20 hivi, huku watu wakihitaji habari za ugonjwa kuliko wakati wowote.

Mwaka 2025 mbinu ya 2016 ilitumika upya. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari, uongozi wa mkoa wa Kivu Kaskazini ulihamia Beni, na mwanzoni mwa Februari mitandao ya X na TikTok ilizibwa. Mahitaji ya VPN yakapanda ghafla.

Upande wa faragha una kipimo chake, nacho ni kujua nani anayechungulia. Kwenye Wi-Fi ya hoteli, ya chuo au ya chumba cha intaneti cha kulipia, VPN huzuia mwenye mtandao asione tovuti zinazofunguliwa. Huzuia pia kampuni ya simu isiorodheshe tovuti hizo. Maandishi ya WhatsApp tayari yamesimbwa tangu Aprili 2016, na tovuti nyingi za benki na barua pepe husimba zenyewe. Kwa mambo hayo VPN huficha mahali mtu anakokwenda mtandaoni, na kwa yaliyomo huongeza kidogo tu.

Yako pia mambo yasiyofichika. Mnara hujua simu iko wapi. Namba ya kifaa, iitwayo IMEI, huonekana na kampuni. Ndiyo iliyotumika kwenye daftari la vifaa vya simu liitwalo RAM, ambalo tozo yake ilikatwa kwenye salio la wateja tangu 2020 hadi ilipofutwa 2022. Anayeingia Facebook kwa jina lake hujulikana na Facebook. Na tangu Mei 2021, utawala wa kijeshi wa dharura ulipoanza Kivu Kaskazini na Ituri, mamlaka za jeshi zina uwezo wa kupekua nyumba mchana na usiku. Simu ikishikwa ikiwa wazi, VPN haiwezi kumlinda mwenyewe. Hapo kinachosaidia ni neno la siri imara na kutoweka ndani ya simu kisichohitajika.

Zaidi ya hayo, VPN huhamisha imani kutoka kwa kampuni ya simu kwenda kwa mwenye seva. Facebook ilinunua Onavo mwaka 2013, programu iliyotangazwa kuwa ya ulinzi, ikawa inakusanya data za matumizi ya wateja wake. Ilifungwa mwaka 2019. Programu ya bure isiyoeleza inajiendesha kwa fedha gani inapaswa kutiliwa shaka.

Mipaka nayo hubadilisha hesabu. Mfanyabiashara wa Butembo anayefika Kampala hukuta Facebook imezibwa tangu Januari 2021. Tanzania, Oktoba 2023, ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili kwa mdhibiti. Kilicho kawaida Beni kinaweza kuwa kosa mahali pengine.

Uamuzi basi hufuata utaratibu. Intaneti ikiwa imezimwa kabisa, VPN iachwe. Ikiwa tovuti fulani tu zimezibwa, iwashwe. Kwenye Wi-Fi ya watu wengine ni vyema kuiwasha. Pale hatari inapotoka kwa mwenye kuishika simu au kwa mnara, itafutwe kinga nyingine. Na programu ichaguliwe na kuwekwa mapema, siku mtandao ukiwa wazi, kwa sababu inayopokewa kutoka simu hadi simu baada ya kufungwa huwa haijulikani imetoka wapi.